Maji ya Glasi za Maundu

Kamanthe alikuwa na siri moja tu katika miaka yake hamsini na minne, nayo ilikuwa ndani ya masikio. Hakuwa kiziwi. Ukimwita aliitika, na ukimsengenya alikusikia hata kama uko upande wa pili wa zizi la mbuzi. Alichopoteza ni kile kitu kidogo kinachomwambia mtu kwamba sauti mbili zimeelewana au zinagombana. Homa moja kali ya miaka sita iliyopita iliondoka nacho. Kwa mkulima wa mahindi na mbaazi pale Kola hasara hiyo isingekuwa kitu, lakini Kamanthe alijulikana Machakos nzima kwa kupiga muziki wa glasi.

Usicheke. Chukua glasi za mvinyo, zile zenye mguu mrefu, tia maji katika kila moja kwa kiasi chake, lowesha kidole na ukizungushe polepole mdomoni mwa glasi. Itaanza kulia. Inalia sauti nyembamba ambayo huwezi kusema imeanza lini, na unaisikia kwenye meno kabla haijafika masikioni. Watoto wakiisikia mara ya kwanza hugeuka kutazama nyuma yao.

Mumewe, Maundu, ndiye aliyeanzisha mambo hayo. Alikuwa fundi wa vioo mjini, mtu wa kukata vioo vya madirisha, na hoteli moja ilipopata mmiliki mpya na kuuza vyombo vyake, alirudi nyumbani na katoni ya glasi ishirini na nne zilizofungwa kwa magazeti. Majirani walipata la kusema mwaka mzima: Kamanthe, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ambaye mvinyo hajawahi hata kuunusa, ana kabati limejaa glasi za mvinyo! Maundu hakujali. Alitengeneza meza yenye matundu, akayavalisha matundu mpira wa tyubu ya baiskeli ili glasi zisigongane, na baada ya miezi michache mtu na mkewe wakaanza kuitwa kwenye arusi na sherehe za shule. Maundu alipiga pia msumeno kwa uzi wa upinde, na chupa za soda, na siku moja, kwa kubishana tu, alipiga wimbo mzima kwa kopo la mafuta ya kupikia. Lakini watu walikuja kuona glasi na mikono ya Kamanthe.

Kilichowachekesha ni jinsi Maundu alivyozipanga sauti. Wapiga glasi wengine hupunguza maji kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Maundu alitumia mdomo. Alifunga mikono nyuma ya mgongo, akainama, akafyonza kidogo upande wa kushoto wa glasi, fyu, halafu akamwambia Kamanthe apitishe kidole. Akainamisha kichwa kusikiliza. "Bado tone," angesema, na kufyonza tena, na kufuta masharubu kwa mgongo wa kidole gumba. "Hapo." Maji yakipungua sauti hupanda, na yeye alijua mahali pa kuacha kama vile wewe unavyojua mlango wa nyumba yenu gizani. Alama hakuweka hata moja. Zamani alikuwa akisema kwamba alama ni za watu wasio na masikio. Baada ya ile homa ya mkewe hakulisema neno hilo tena, na, kwa alivyojua Kamanthe, hakumwambia mtu yeyote kwa nini.

Mwezi wa nne mwaka huu Maundu alianguka kazini, kisu cha kukatia vioo bado kiko mkononi. Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na miti ya maparachichi.

Siku ya mazishi lilitokea jambo ambalo Kamanthe alilihesabu kuwa dogo. Watu walipokuwa wakitawanyika, mama mkwe wake, Mukai, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuja kaburini na kibuyu kidogo cha maji. Alitaka kummwagia mwanawe chini, kama walivyofanya wazee wake, ili asiondoke na koo kavu. Kamanthe alimshika mkono mbele ya akina mama wote wa kanisa. "Mwaitu," alimwambia, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, "hayo mambo tuliyaacha." Aliyasema kwa upole na kwa sauti ya kutosha kusikika. Mukai alikiziba kibuyu. Alirudi nyumbani kwake, ng'ambo ya ua huohuo, na kibuyu chake kimejaa.

Basi. Mwezi wa tisa ulipoingia, na jua limekausha kila kitu hadi mlima wa Kalama ukawa na rangi ya vumbi, Mutanu alipiga simu. Mutanu ndiye mtoto wao wa pekee, mwuguzi huko Mavoko.

"Mama, wazazi wa Musembi wanaleta mbuzi za ntheo tarehe ishirini," alisema. "Mimi sitaki keki, sitaki mapambo. Nataka kitu kimoja tu."

"Sema, mwanangu."

"Piga ule wimbo wa Baba. Ule mlipiga siku nilimaliza chuo. Nikiusikia nitajua ako hapo."

Ntheo ndiyo inayomfanya msichana wa Kikamba ahesabike ameolewa: upande wa mume unaleta mbuzi, wanachinjwa, nyumba mbili zinakula pamoja. Bila hiyo, hata azae watoto wanne, bado ni wa kwao. Kamanthe alijibu ndiyo kabla hajafikiri. Alipokata simu alikaa kitandani. Angeweza kumpigia tena na kumwambia ukweli, kwamba miaka sita yote hii mama yako amekuwa mikono tu na masikio yalikuwa ya baba yako. Lakini alimwona msichana akiwa na sare ya chuo, mstari wa mbele, akipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Hakupiga simu.

Kesho yake mchana alitoa meza uani, akaosha glasi kumi na mbili za ule wimbo, akazijaza maji ya tangi na kuanza kubahatisha. Alipunguza hii, akaongeza ile. Kwake zote zililia sawa. Mukai alikuwa kibarazani kwake akipukuchua mbaazi.

"Mama Mutanu," Mukai alisema bila kuinua kichwa, "hiyo kitu inalia kama punda ya mtu mwingine."

Kamanthe alishindwa hata kucheka. Alizijaza glasi zote mpaka juu kwa hasira, akatupia kitambaa cheupe cha kufuma, akachukua panga na kwenda kukatia mbuzi majani. Alikaa huko nusu saa hivi. Aliporudi kitambaa kilikuwa vilevile, kona zake nne zimelala sawa. Alipokifunua alikuta maji yamepungua. Hayakupungua kwa usawa. Moja ilibaki robo tatu, nyingine nusu, nyingine imebakiwa na maji ya kufunika kitako tu. Na katika kila glasi, upande wa kushoto, palikuwa na alama ya mdomo.

"Mwaitu, umekunywa maji yangu?"

"Niache mtungi wangu nikakunywe kwa vikombe vya walevi?" Mukai alijibu. Miguu yake ilikuwa pale pale ilipokuwa, na maganda ya mbaazi yameizunguka.

Kamanthe alilowesha kidole. Hakuweza kujua kwa masikio, lakini vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Alipopiga ya tatu, maji ya glasi ya saba yalitetemeka yenyewe bila kuguswa, na hilo hutokea zikielewana tu. Alipiga wimbo mzima. Kule kibarazani mbaazi ziliacha kudondoka. Alirekodi kipande kwa simu akamtumia Mutanu, na kabla hata hajakausha mikono jibu likaingia, sauti ya msichana imejaa machozi. "Ai, Mama! Umezipanga kama Baba. Kama Baba kabisa!"

Kamanthe alikaa chini. Aliogopa, ndiyo, nywele zilimsimama mpaka kisogoni. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko woga, na sioni sababu ya kuficha: alilia kwa furaha kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Miezi mitano alikuwa amelala upande mmoja wa kitanda akiuachia upande wa pili nafasi, akijiambia ni mazoea. Sasa Maundu amekuja kumfichia siri yake, kama alivyomfichia siku zote.

Siku ya pili alifanya jambo ambalo baadaye alilijutia sana. Glasi zilikuwa zimepangwa, hazikuhitaji kitu. Angezifunika na kuziacha hivyo mpaka Jumamosi ya ntheo. Badala yake alimwaga yote kwenye beseni la kuku, akazijaza upya mpaka juu, akafunika. "Zimeharibika tena, Baba Mutanu," alisema kwa sauti ya kudeka ambayo hakuitumia tangu alipokuwa msichana. "Njoo uone."

Akaja. Na kesho yake tena, na kesho kutwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua likiwa kali, wakati kuku wamejilaza vumbini na hakuna anayepita njiani. Kamanthe alianza kuoga kabla ya saa nane na kubadilisha leso. Siku moja alikaa hapo hapo kutazama, na hakuna kilichotokea muda wote alipokodoa macho. Alipoinama kuokota sindano ya kufumia na kuinuka, kitambaa kilikuwa kimebonyea kidogo katikati. Aliweka kiganja juu yake. Palikuwa na ubaridi, na chini ya ubaridi kitu kilitikisika mara tatu mfululizo, jinsi koo la mtu linavyotikisika akimeza.

Wiki ya pili mambo yalibadilika. Glasi ziliacha kusimama kwenye sauti zake. Alifunua kitambaa akakuta maji yamepita pale yalipotakiwa kuishia, akajaza, akakuta tena yamepita. Mutanu alijibu rekodi kwa kusitasita: "Iko juu kidogo, Mama. Kama mtu anaita." Halafu ikawa si glasi peke yake. Chai aliyomimina akageuka kuchukua sukari, alikuta kikombe kina majani tu. Beseni la kuku lilikauka asubuhi na mapema. Maua ya plastiki mezani, ambayo Maundu alikuwa ameyatilia maji kwa utani siku ndoa yao ilipotimiza miaka ishirini na tano, na ambayo Kamanthe hakuwahi kuyaacha yakauke, yalisimama kwenye jagi kavu. Aligonga tangi kwa ngumi akasikia limelia tupu mpaka chini ya katikati, na hakuna aliyechota zaidi ya madebe mawili kwa siku.

Ndipo Mukai alipovuka ua, fimbo mkononi, akakaa kwenye kiti cha Maundu bila kukaribishwa.

"Nimenyamaza siku kumi," alisema. "Nilikuwa naona uso wako umepona nikasema wacha. Lakini wewe ni mtu mzima. Mtu akikunywa ili apange sauti, anafika mahali anaacha. Huyu anaacha?"

Kamanthe alifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Haachi, kwa sababu hapangi. Hiyo ni kiu. Mwanangu aliondoka na koo kavu, wewe mwenyewe ulinishika mkono. Na sasa unamwekea maji ya kazi. Anakunywa maji ya kazi, na mtu hashibi maji ya kazi. Lazima apewe yake, amwagiwe chini kwa jina lake, aambiwe ni yako hii, kunywa, nenda."

"Nikimwagia ataenda?"

"Kwani unataka nini, Mama Mutanu?"

Lilikuwa swali la haki. Kamanthe alitaka Maundu abaki, hilo ndilo alilolitaka, na alitaka Mutanu asikie wimbo wake, na alitaka wakwe kutoka Kangundo wamwone amesimama nyuma ya meza ile bila aibu. Akina mama wa kanisa wangekuja wote. Mzee Makau, baba yake Musembi, alikuwa mzee wa kanisa mwenye jina huko kwao. Yeye, mwenyekiti, aonekane anamwaga maji kaburini?

"Hadi Jumamosi tu, Mwaitu," alisema. "Baada ya ntheo nitafanya chochote utaniambia."

"Si mimi unaningojesha." Mukai aliinuka taratibu. "Lakini ujue. Akimaliza maji ya hii nyumba, atatafuta koo ya kunywea. Na hatatafuta ya mgeni."

Jumamosi ilifika. Hema lilifungwa uani, mbuzi wakachinjwa, moshi wa nyama ukatanda. Mutanu alikuja na gauni la kitenge cha manjano, akang'aa kila mtu akamwona. Meza ya glasi ilikuwa mbele, chini ya kitambaa chake, kumi na mbili zimejazwa mpaka juu. Kamanthe alikuwa amezijaza kwa mara ya mwisho, aliapa hivyo, na aliapa kwa moyo mweupe.

Jambo la kwanza kuonekana lilikuwa maji ya wageni. Chupa zilizopangwa mezani kwa wakwe, vifuniko havijafunguliwa hata kimoja, zilikuwa nusu. Shangazi mmoja wa Kangundo aliinua yake juani akaizungusha. "Siku hizi mpaka maji wanapunja," alisema, watu wakacheka. Kamanthe naye alicheka, na midomo ikashikana na meno kwa ukavu.

Sala zilikuwa ndefu. Wakwe walijitambulisha mmoja mmoja mpaka binamu wa binamu. Hatimaye Mzee Makau akasema wamesikia huyu mama ana muziki wa ajabu, na wao hawataki kurudi nyumbani na habari ya kusimuliwa. Kamanthe alisimama, akakivuta kitambaa.

Zilikuwa zimepangwa. Maji yalisimama ngazi kwa ngazi, na alama ya mdomo juu ya kila moja. Alishukuru kimoyomoyo, akalowesha vidole, akaanza.

Mtu mwenye simu ya kurekodi aliishusha bila kujua. Kwa muda wa ubeti mmoja mambo yalikuwa sawa kabisa, na Kamanthe aliona machozi kwenye mashavu ya bintiye, akajua ametimiza. Kisha aliona maji yakishuka. Yalishuka mbele ya macho yake, bila fyu, bila mdomo, polepole na bila kusimama, na kwa sababu hakuweza kusikia sauti zinavyopanda, alizisoma kwenye nyuso za watu. Walianza kukunja paji. Bibi mmoja aliziba masikio. Mbwa aliyekuwa amelala chini ya meza ya nyama alitoka na kuondoka mkia umebanwa.

Mutanu aliinuka. Alitembea kati ya viti mpaka mezani, macho hayamtazami mama wala mtu. Alifunga mikono nyuma ya mgongo. Akainama, akafyonza glasi ya kwanza upande wa kushoto, fyu, akafuta juu ya mdomo, pasipo na sharubu, kwa mgongo wa kidole gumba.

"Bado tone," alisema.

Watu walipasuka kwa kicheko na makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo! Wale wa Kola, waliomkumbuka Maundu, ndio waliocheka zaidi. "Anamwiga babake!" mtu alipiga kelele. Mutanu alikwenda ya pili, fyu, ya tatu, na kila moja aliikausha. Kamanthe alikuwa bado anazungusha vidole juu ya glasi tupu, kwa sababu mikono ilikataa kuacha. Kwa karibu aliona koo la mtoto wake likipanda na kushuka. Aliona midomo yake, ambayo asubuhi ilikuwa na mafuta, imepasuka na kutoa damu katikati.

"Mutanu," alimnong'oneza.

Msichana aliinua macho. Alikuwa yeye, ni macho yake, na yalikuwa yamejaa hofu. "Mama, niko na kiu," alisema. "Nakunywa na haifiki. Mama, niko na kiu sana."

Nyuma kabisa ndani ya hema, kwenye kiti chake, Mukai alikuwa akimtazama Kamanthe. Kibuyu kilikuwa magotini mwake, kimejaa, na akakinyanyua kidogo.

Kamanthe aliacha meza. Alipita mbele ya wakwe, mbele ya akina mama wote wa kanisa waliovaa leso za kundi, akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Alirudi mezani, akagawa maji yale katika glasi kumi na mbili, kidogo kidogo. Kicheko kilikufa. Alichukua glasi mbili, akatembea mpaka nyuma ya nyumba, na kwa kuwa hema lilikuwa wazi upande ule kila mtu alimwona akipiga magoti kwenye kaburi la mumewe.

"Baba Mutanu," alisema kwa sauti ya kutosha kusikika. "Nilikunyima maji mbele ya watu. Nakupa mbele ya watu. Hii ni yako, si ya kazi. Kunywa."

Akamwaga. Udongo ulimeza bila kuacha hata doa la unyevu. Alirudi, akachukua mbili nyingine. Mara ya tatu magoti yalikuwa yamechubuka. Mara ya nne mtu alisema kwa sauti, "Hii ni nini sasa?" na mwingine akamnyamazisha. Kamanthe hakugeuka. Kila glasi aliyomwaga aliilaza kaburini, na kila mara alisema yaleyale: ni yako, kunywa.

Ilipobaki ya mwisho, mkono wake ulisimama. Alijua akimwaga hii kitambaa hakitabonyea tena saa nane mchana. Alilowesha kidole akakizungusha mdomoni mwa ile glasi, hapohapo kaburini, akasikiliza kwa nguvu zake zote. Hakusikia kama iko juu au chini. Alisikia tu inalia.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa nakupenda nikakuweka na kiu." Akamwaga, na safari hii udongo ulilowa. Palibaki doa jeusi la ukubwa wa sahani.

Mutanu alikuwa amekaa chini karibu na meza, na shangazi yule wa Kangundo alikuwa amemshikia kikombe cha bati mdomoni. Alikunywa mara moja, mara mbili. Akasukuma kikombe pembeni.

"Nimetosheka," alisema, akaanza kulia kilio chake mwenyewe.

Hakuna aliyejua la kufanya. Leso za kundi zilikuwa zimeinamiana, na Jumapili iliyofuata, bila makelele, Kamanthe aliombwa aachie kiti kwa mwingine. Lakini siku ile aliyesimama alikuwa Mzee Makau. Alivua kofia, akasafisha koo. "Mimi nimeona mama ameenda kumwambia bwana yake kwamba msichana anaolewa," alisema. "Kwetu hiyo ni heshima. Kuna mtu ako na neno?" Hakuna aliyekuwa na neno. "Basi nyama inapoa."

Walikula. Waliondoka kabla jua halijashuka, na Mutanu akaondoka nao kwa heshima zote, midomo imepakwa mafuta, akimpungia mama yake kutoka dirishani. Kabla ya kupanda gari alikuwa amemkumbatia na kumwambia sikioni, "Ulikuwa husikii, sivyo? Baba aliniambia zamani. Alisema nisikuulize." Kamanthe alimpapasa mgongoni.

Uani palibaki viti vya kukodi, mifupa, na kikombe cha bati juu ya kigoda, maji nusu kama Mutanu alivyoyaacha. Kamanthe alivuta kiti akaketi mbele yake. Alikifunika kwa kile kitambaa cheupe. Alikwenda kuwafungia kuku, akachukua muda wake, akawahesabu mara mbili. Alirudi, akafunua.

Maji yalikuwa nusu. Akafunika tena, akaenda mpaka zizini, akasimama huko akikipa kikombe mgongo. Alirudi, akafunua. Mukai alimwona kutoka kibarazani kwake akifanya hivyo mara nne, mara tano, na hakumkataza. Kila mara maji yalikuwa pale pale, nusu kikombe, hayajapungua tone.